Amri ya Uzazi Hutoka Kichwani

Ndoa inapotimiza mwaka wa pili bila ya mtoto, macho ya ukoo humwelekea mke. Hupelekwa kupimwa kizazi, akarudi, akapelekwa tena. Na mume, kama tujuavyo sote, mara nyingi huwa hajaugusa mlango wa hospitali. Hata wale wanaokwenda wote wawili huelekeza fikra zao chini ya kitovu. Ni wachache wanaodhani kwamba chanzo cha shida chaweza kuwa ndani ya kichwa.

Huko, katika sakafu ya ubongo, pana sehemu ndogo kama lozi iitwayo haipothalamasi, na chini yake imening'inia tezi ya pituitari, yenye ukubwa wa punje ya njegere. Haipothalamasi hutoa homoni ambayo wataalamu huifupisha kwa herufi GnRH. Tezi ikiipokea, nayo hutoa homoni mbili, LH na FSH, ambazo husafiri kwa damu hadi kwenye mifuko ya mayai ya mwanamke au korodani za mwanamume. Bila ya amri hiyo yai halipevuki wala mbegu hazitengenezwi ipasavyo, ijapokuwa viungo vyenyewe havina dosari yoyote.

Umbile la GnRH lilijulikana mwaka 1971, baada ya mashindano makali baina ya Andrew Schally na Roger Guillemin huko Marekani. Mmoja alichambua bongo za nguruwe, mwingine za kondoo, maelfu kwa maelfu, kwa kuwa kila ubongo huwa na chembe ndogo mno ya homoni hiyo. Mwaka 1977 walitunukiwa Tuzo ya Nobel. Ilidhaniwa kwamba lililobaki ni kuitia homoni mwilini tu.

Haikuwa hivyo. Aliyetegua kitendawili ni Ernst Knobil, mzaliwa wa Berlin aliyekuwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh. Yeye na wenzake waliwachukua kima ambao sehemu ile ya ubongo ilikuwa imeharibiwa, wakawatia GnRH mfululizo bila ya kukatika. LH na FSH hazikurejea. Wakabadili utaratibu: homoni kwa dakika 6, kisha kimya hadi saa itimie, kisha dakika 6 nyingine. Zikarejea! Waliporudia mfululizo zikaanguka; waliporudia mapigo ya kila saa zikapanda tena. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1978.

Tezi, basi, hufuata mpangilio wa amri kuliko wingi wake. Ni kama mtoto anayeitwa jina lake mchana kutwa: mwishowe haitiki.

Kwa elimu hiyo, mwaka 1980 daktari Leyendecker na wenzake nchini Ujerumani waliwapa wanawake ambao hedhi zao zilikuwa zimekatika pampu ndogo ya kubeba, inayotoa GnRH kwa mapigo. Wakashika mimba. Kinyume chake nacho kina faida: dawa ya jamii hiyo ikitolewa kwa mfululizo huinyamazisha tezi, na ndiyo wanayopewa watoto wanaoanza kubaleghe kabla ya wakati wao, na wanaume wenye saratani ya tezi dume.

Mapigo haya hupungua kwa njaa, kwa kukonda kupita kiasi, kwa mazoezi makali na kwa dhiki ya moyo ya muda mrefu. Hapa tunawaomba mawifi na mama wakwe watusikilize: mwanamke anayesimangwa kila siku hasaidiwi kupata mimba. Wala chupa za "kusafisha kizazi" zinazouzwa mitaani haziponyi ubongo ulionyamaza.

Wapo pia wanaozaliwa na kasoro hii. Mwaka 2003 watafiti wa Boston waliuchunguza ukoo mmoja wa Saudi Arabia, wenye ndoa za watu wa damu moja, ambao baadhi ya watu wake hawakubaleghe. Waligundua hitilafu katika jeni moja, na sasa yafahamika kuwa jeni hiyo ndiyo inayopokea ishara ya kuiamsha GnRH. Wengine hukosa pia uwezo wa kunusa, kwa sababu seli zinazotoa GnRH huanzia puani mtoto akiwa tumboni, kisha husafiri hadi ubongoni. Safari ikikwama, vyote viwili huathirika. Kijana asiyenusa hata karafuu ikiunguzwa, naye hana dalili za ukubwa, aonwe na daktari wa homoni.

Wengi wanaochelewa ni wazima, nao hufuata nyayo za wazazi wao. Hata hivyo, msichana asiyeota matiti hadi miaka 13, na mvulana asiye na mabadiliko yoyote hadi 14, wapelekwe kupimwa. Katika madhehebu ya Shafi, kijana asiye na dalili huhesabiwa kuwa amebaleghe atimizapo miaka 15 ya mwezi mwandamo, na huanza kudaiwa sala na saumu. Lakini hukumu hiyo haiwaondolei wazazi haja ya kumpeleka hospitali.