Sindano au Kidonge?

Mtu aliyevunjika paja au nyonga hulala kitandani siku nyingi. Damu ya miguuni hutembea polepole, na mwili uliojeruhiwa huwa mwepesi wa kugandisha damu. Donge likijifanya ndani ya mshipa wa mguu laweza kung'oka, likafika mapafuni na kumwua mgonjwa ghafla, pengine jamaa wakijiandaa kumrudisha nyumbani.

Kinga iliyozoeleka ni sindano za aina ya heparini. Wagonjwa wengi hawazipendi: zinauma, zinaacha weusi tumboni, tena nyumbani nani atazichoma? Hatuoni kuwa huo ni udekaji. Mwaka 2023 ulitangazwa utafiti wa Marekani na Kanada juu ya wagonjwa 12,211 waliovunjika mifupa. Nusu walichomwa sindano, nusu walimeza aspirini kutwa mara mbili. Katika siku 90 vifo vilikaribiana, chini ya mmoja kwa kila mia. Madonge ya miguuni yalizidi kidogo kwa waliomeza aspirini. Ya mapafuni yalilingana.

Basi mgonjwa asiache sindano kimyakimya. Amwambie daktari wazi kwamba angependa kidonge, na asifiche vidonda vya tumbo, maana aspirini yaweza kuvitoa damu. Mguu mmoja ukivimba, au pumzi ikimbana ghafla, asingoje kesho.