Ukiandikiwa kipimo cha kamera tumboni (Sehemu ya 2)

Wiki iliyopita tuliachana na mgonjwa anayetoka kwa daktari akiwa na karatasi yenye herufi tatu, OGD. Herufi hizo zinamtaka akachunguzwe umio, tumbo na mwanzo wa utumbo mwembamba kwa mpira wenye kamera, kipimo ambacho wengine hukiita endoskopia. Wengi wakishapewa karatasi hiyo huikunja, wakaitia mfukoni, wakapitia duka la dawa kununua omeprazoli nyingine. Makala ya leo nawaandikia hao.

Hofu yao naielewa. Kumezeshwa kitu kirefu ukiwa macho si jambo dogo, na uvumi wa mtaani huongeza chumvi: eti koo litapasuka, eti utashindwa kupumua. Mpira wenyewe una unene wa milimita 9 au 10 hivi, kama kidole kidogo cha mkono. Tonge la ugali tunalolimeza kila siku ni nene kuliko huo mpira. Nao unapita njia ya chakula, si njia ya hewa, kwa hiyo muda wote unapumua kama kawaida. Mwaka 1957, Basil Hirschowitz, daktari mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekuwa akifanya kazi Michigan, Marekani, alipotengeneza mpira wa kwanza wa aina hii unaopindika vizuri na kupitisha mwanga kwa nyuzi za kioo, mtu wa kwanza kuumeza alikuwa yeye mwenyewe. Mgonjwa alifuata baadaye.

Si kila mwenye kiungulia anahitaji kipimo hiki. Kijana mwenye maumivu ya chembe ya moyo yanayokuja na kwenda, asiye na dalili nyingine, mara nyingi anaweza kuanza na kipimo cha choo cha kutafuta bakteria aitwaye H. pylori, akatibiwa na kupona. Lakini zipo dalili ambazo hazingoji: kutapika damu, choo cheusi kama lami, kupungua uzito bila sababu, upungufu wa damu usiojulikana chanzo chake, kutapika mara kwa mara, na chakula kukwama kinapomezwa.

Hii ya chakula kukwama naomba tuikalie kidogo. Nilikutana na mama mmoja aliyemeza dawa za vidonda vya tumbo karibu mwaka mzima. Nilimuuliza jana usiku alikula nini, akasema uji. Mwezi uliopita je? Mtori. Na mwaka jana? Akafikiri, kisha akajibu kwamba mwaka jana alikuwa akila ugali na nyama kama watu wengine. Alikuwa amehama chakula kimoja hadi kingine polepole, huku akisukumizia kila tonge kwa maji, bila kujua kwamba anaieleza safari ya ugonjwa. Umio una tabia ya kutanuka. Mpaka ufike mahali chakula kigumu kinakwama, njia huwa imekwisha kubana sana.

Ukanda wa mashariki ya Afrika, kuanzia Ethiopia, kupita Kenya, Tanzania na Malawi hadi Afrika Kusini, ni miongoni mwa maeneo ya dunia yenye saratani ya umio kwa wingi, na huwapata hata watu ambao bado ni vijana. Katika Hospitali ya Tenwek, Bomet, nchini Kenya, madaktari wamekuwa kwa miaka mingi wakiwawekea wagonjwa wa aina hii kijibomba cha wavu wa chuma ili waweze tena kumeza. Kijibomba hicho humrudishia mgonjwa chakula, lakini saratani yenyewe hakiiondoi. Kuiondoa kunahitaji ionekane mapema, na jicho linaloweza kuiona mapema ni kamera hii. Kwa hiyo nasema bila kupepesa macho: chakula kikikwama, usitibiwe vidonda vya tumbo kwa kubahatisha.

Kwa wakazi wa Kanda ya Ziwa lipo jambo jingine. Mayai ya kichocho cha tumbo hukwama kwenye ini na kuacha makovu yanayoziba mkondo wa damu. Damu ikikosa njia hutafuta njia ya pembeni, na mishipa ya chini ya umio hutuna. Siku ikipasuka, mvuvi au mkulima wa mpunga aliyeamka mzima hujikuta anatapika damu kwa mabeseni. Hapo kamera si kipimo tu, ni tiba. Kwa kupitia mpira huohuo daktari huuvuta mshipa uliotuna na kuufunga kwa kipete kidogo cha raba. Mshipa hunywea, na baada ya siku kadhaa kipete hudondoka chenyewe.

Sasa maandalizi. Tumbo linatakiwa liwe tupu, bila chakula kwa saa sita hadi nane. Kipimo kikiwa asubuhi, basi mlo wa mwisho uwe wa jioni iliyotangulia. Maji matupu kwa kawaida huruhusiwa mpaka saa mbili kabla, ila fuata ulivyoelekezwa na hospitali yako. Asubuhi nyingi nimeshuhudia mtu ametoka mbali, amelipa nauli na kipimo, kisha anasema: "Nimekunywa kikombe kimoja tu cha chai ya maziwa, daktari." Maziwa ni chakula. Yakiwamo tumboni hufunika kuta zinazotakiwa kuonekana, na kibaya zaidi yanaweza kupanda yakaingia kwenye mapafu wakati koo lina ganzi. Mtu huyo hurudishwa nyumbani, na anayemrudisha anamlinda.

Dawa unazotumia zibebe zote kwenye mfuko, pamoja na vikasha vyake, hata za mitishamba. Dawa ya presha kwa kawaida humezwa asubuhi hiyo kwa funda dogo la maji. Mwenye kisukari aulize mapema dozi yake iwe kiasi gani siku ya kufunga, maana sindano ya insulini kwenye tumbo tupu inaweza kushusha sukari hadi akazimia. Mwenye kutumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarini au klopidogreli, aseme siku ile ile anayopangiwa kipimo, na asiziache kwa uamuzi wake. Kuna watu wenye vali za bandia za moyo ambao kwao kuacha warfarini kiholela ni hatari kuliko kipimo chenyewe. Omeprazoli na ndugu zake husimamishwa wiki mbili kabla ikiwa kinachotafutwa ni H. pylori, kwa sababu humficha bakteria huyo. Antibiotiki nazo humficha, hata kwa wiki nne. Wewe uliyejinunulia vidonge wiki iliyopita bila kumwambia mtu unaweza kupewa majibu ya "hayupo" wakati yupo.

Ndani ya chumba utaulizwa kuhusu pumu, mzio, ujauzito na maradhi ya moyo, kisha utapewa fomu ya ridhaa. Isome, au usomewe. Meno ya bandia hutolewa. Muuguzi atakupulizia ganzi kooni. Ni chungu, na baada ya dakika moja au mbili koo huwa zito kana kwamba limejazwa pamba. Utalala kwa ubavu wa kushoto, magoti umeyakunja, na kipete cha plastiki utakiuma kati ya meno ili usiung'ate mpira. Mpira ukifika nyuma ya ulimi utaambiwa "meza", na hapo ndipo pagumu. Utajikamua kama anayetaka kutapika, machozi yatakutoka. Hudumu sekunde chache. Baada ya hapo kazi yako ni moja, kupumua taratibu kwa pua. Mate usiyameze, yaache yatiririke kwenye kitambaa. Tumbo hujazwa hewa ili likunjuke, kwa hiyo utacheua kwa sauti, na hakuna atakayekushangaa. Ukichukuliwa kinyama, yaani kipande kidogo cha ukuta wa tumbo cha kupimwa maabara, hutahisi kitu, kwa sababu ngozi ya ndani ya tumbo haina maumivu ya kukatwa. Dakika tano hadi kumi na tano, umemaliza.

Unayo haki ya kuomba dawa ya kukutuliza, na hospitali nyingi zinayo. Inasaidia sana, lakini siku hiyo uje na mtu wa kukurudisha nyumbani, na kwa saa 24 usiendeshe gari wala bodaboda, usisaini mkataba wowote. Akili hudhani imeamka kabla haijaamka. Unayo haki pia ya kuuliza mipira inavyosafishwa. Inapaswa kusuguliwa ndani na nje, kisha kulowekwa kwenye dawa ya kuua vijidudu baada ya kila mgonjwa. Mpira uliosafishwa kwa utaratibu huo hauna sababu ya kukuambukiza virusi vya UKIMWI wala vya homa ya ini, na kitengo kinachoijali kazi yake hakitakasirishwa na swali lako.

Madhara makubwa ni nadra. Kutoboka kwa umio au tumbo katika uchunguzi wa kawaida hutokea kwa chini ya mtu mmoja katika kila 1,000. Usile wala kunywa mpaka ganzi iishe, na ukianza, anza kwa maji baridi. Koo kuwasha siku moja au mbili ni kawaida. Lakini maumivu makali ya kifua au tumbo, homa, kupumua kwa shida, kutapika damu au choo cheusi, rudi hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Mwisho ni kile kinyama. Alichokiona daktari kwa kamera ni nusu ya majibu, nusu nyingine iko kwa mtaalamu wa maabara anayekitazama chini ya hadubini. Barry Marshall wa Australia, aliyekunywa bakteria wa H. pylori mwaka 1984 ili kuonyesha kwamba wanaudhuru mfuko wa tumbo, alichunguzwa kwa kamera na kuchukuliwa vinyama vya tumbo lake mwenyewe, na mwaka 2005 yeye na mwenzake Robin Warren walipewa Tuzo ya Nobel. Huku kwetu wapo wanaoambiwa "tumbo lina wekundu kidogo", wanafurahi, wanaondoka, na jibu la kinyama linabaki kwenye faili bila mtu wa kulifuata. Kabla hujavaa viatu, uliza mambo matatu: jibu linatoka lini, nitalichukua dirisha gani, na ni daktari yupi atakayenisomea. Andika namba ya simu inayopatikana.

Wiki ijayo tutashuka kwenye utumbo mpana, ambako kazi kubwa ya kipimo hufanywa na mgonjwa mwenyewe, nyumbani kwake, siku moja kabla.