Profesa Masanja na Hesabu za Bomba

Nataka kuwaeleza wasomaji habari za mama mmoja mwenye elimu kubwa ya hesabu, aliyefundisha miaka mingi katika nchi hii ya Rwanda. Habari zenyewe kwangu mimi zilianza na bomba la maji nyumbani kwetu Nyamirambo, hapa Kigali.

Mwaka jana fundi alitubadilishia bomba. La zamani lilikuwa la inchi 1. Yeye akaweka la nusu inchi, akatuambia kwamba maji yatapungua nusu tu, nayo yatatosha. Hayakutosha hata kidogo. Dumu lililokuwa likijaa kwa dakika 2 likawa linataka dakika 12. Aliyepima ni mdogo wangu wa kike, ambaye yuko mwaka wa tatu wa sekondari. Alisimama pale bombani na saa mkononi, kisha akaja kuniuliza, "Kaka, nusu ya bomba imekulaje maji yote haya?"

Mimi niliyemaliza shule zamani, na niliyejisifu sana kwa hesabu nilipokuwa darasani, sikuwa na jibu. Ikanibidi nitafute, na katika kutafuta ndipo nilipokutana na jina la Profesa Verdiana Grace Masanja.

Mama huyu alizaliwa Bukoba mwaka 1954, Tanganyika ilipokuwa ingali chini ya Waingereza. Bukoba si mbali nasi: ukivuka Akagera ukaelekea Ziwa Viktoria, umefika. Alisoma shule ya wasichana ya Jangwani, Dar es Salaam, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kusoma hesabu na fizikia. Alihitimu mwaka 1976, akapata shahada ya pili mwaka 1981. Baadaye akaongeza shahada nyingine ya fizikia, na udaktari wa hesabu akaupatia Ujerumani, katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin. Ndiye mwanamke wa kwanza wa Tanzania kupata udaktari wa hesabu.

Na huo udaktari ulihusu nini? Ulihusu mambo yanayotiririka ndani ya bomba la duara! Nilicheka peke yangu niliposoma hayo.

Sasa tazameni jinsi mambo yalivyo. Maji yakipita katika bomba hayaendi yote kwa mwendo mmoja. Yale yanayogusa ukuta wa bomba husimama kabisa. Ya katikati ndiyo yaendayo mbio. Bomba likiwa jembamba, karibu maji yote yako jirani na ukuta, na ukuta huyazuia. Katika karne ya 19 daktari mmoja Mfaransa, Poiseuille, aliyetaka kujua habari za damu, alipima maji katika vijibomba vya kioo akaona hivi: ukipunguza upana nusu, huku nguvu ya kusukuma ikibaki ile ile, hupati nusu ya maji, bali sehemu 1 tu katika 16. Hiyo ni pale maji yanapokwenda kwa utulivu. Katika bomba la nyumbani maji hupita kwa fujo na hesabu hubadilika, yakawa yanapungua kama mara 6 hivi. Dakika 2 mara 6 ni 12. Mdogo wangu alipima sawasawa.

Walakini maji ni jambo jepesi. Je, uji? Rangi ya ukutani? Sosi ya nyanya ambayo hukataa kutoka katika chupa mpaka uitikise? Vitu hivi havifuati kanuni ya maji: uzito wake hubadilika kwa jinsi unavyovikoroga au kuvisukuma. Katika miaka ya 1940 wataalamu wawili, Reiner na Rivlin, walitoa kanuni ya namna moja ya vitu kama hivi, na hicho ndicho alichokishika Bibi Masanja. Kanuni hizo aghalabu hazitatuliki kwa kalamu na karatasi. Basi hufanywa hivi: bomba hugawanywa kwa mawazo katika vipande vidogo vidogo, kila kipande kikahesabiwa pamoja na jirani zake, maelfu ya hesabu, na kompyuta ikachukua kazi ya kuchosha. Mwenye kiwanda cha rangi au cha chakula anazihitaji hesabu hizi kila siku, ajue asijue.

Aliporudi nyumbani alifundisha Dar es Salaam hata akawa profesa. Katika miaka ya 2000 akaja kwetu, katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda kule Huye, ambacho mwaka 2013 kiliunganishwa na vingine kuwa Chuo Kikuu cha Rwanda. Huko aliongoza pia kazi za utafiti. Akatumika kama naibu mkuu katika chuo cha Kibungo, na mwaka 2018 akarudi Tanzania kufundisha katika Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha.

Jambo jingine aliloshughulika nalo ni wasichana na hesabu. Alikuwa msimamizi wa Tanzania katika mpango wa FEMSA, uliohusu elimu ya wasichana katika hesabu na sayansi barani Afrika, na ameandika mengi juu yake. Hapa naona haya kidogo. Katika darasa letu msichana mmoja alikuwa akinyosha mkono kila mara, nasi wavulana tulikuwa tukiguna mpaka akaacha. Nami niliguna. Sijui aliishia wapi.

Muhula huu mdogo wangu anachagua masomo. Ameandika hesabu na fizikia. Baba anasema kazi hiyo si ya mtoto wa kike, na hajatia sahihi. Juzi nilimweleza habari za Profesa Masanja, akasikiliza mpaka mwisho, akauliza tu, "Na yeye ni wa Bukoba hapo?" Karatasi ingali juu ya kabati. Inatakiwa shuleni Ijumaa.