Desemba Ile Tulipopinda Kushoto Himo

Ukiolewa na Mchaga, Desemba siyo yako tena. Hilo nililijua mapema. Ikifika tarehe 20 hivi gari linajazwa mafuta, watoto wanafungashiwa masweta, safari inaanza: Chalinze, Segera, Korogwe, Same, mpaka Njia Panda ya Himo. Hapo tunapinda kulia kwenda Marangu kwa wakwe.

Sisemi kwa ubaya. Wakwe zangu ni watu wazuri. Lakini mwenzangu, kwa miaka minane likizo yangu ilikuwa hivi: kuamka saa kumi na moja alfajiri, kumenya ndizi za watu thelathini, kusugua masufuria, kulala hoi. Mume wangu yuko nje na kaka zake, mbege mkononi, nyama kwenye moto. Tukirudi Dar tumechoka kuliko tulivyoondoka, na bosi anasubiri ripoti.

Mwaka juzi nikavunja ukimya. "Baba Junior, mara ya mwisho mimi na wewe kukaa tukaongea ni lini? Siyo mambo ya ada wala umeme. Kuongea tu."

Akafikiria. Hakupata jibu.

Tukakubaliana tuchukue siku tano, sisi wawili na watoto wetu wawili, kisha tupande Marangu kabla ya mkesha wa Krismasi. Tukapata apatimenti ya vyumba viwili Tengeru, karibu na Ziwa Duluti, kilomita kama 15 kabla hujaingia Arusha mjini. Kwa nini siyo hoteli? Hesabu tu. Hotelini familia kama yetu inalipia vyumba viwili, halafu kila sahani. Apatimenti unalipia nyumba nzima, jiko na friji vimo, na soko liko jirani.

Kazi ikawa kumwambia mama mkwe. Mume wangu aliahirisha, aliahirisha, mpaka tukafika Mwanga. Alipopiga simu, upande wa pili kukawa kimya. Kisha nikamsikia mama: "Mna nyumba huku, mnakwenda kulipia nyumba ya watu?" Simu ikakatwa.

Himo tukapinda kushoto. Hakuna aliyefungua mdomo mpaka Boma Ng'ombe.

Hakuna pa kujificha

Duluti ni ziwa dogo lililokaa ndani ya shimo la volkano, chini ya Mlima Meru. Limezungukwa na msitu wa hifadhi, miti mikubwa mpaka jua linaingia kwa vipande. Unalipa kiingilio getini, unafuata njia ya miguu kando ya maji. Kwa mwendo wa watoto wetu, mzunguko ulitutoa jasho. Junior alimwona kenge akijitosa majini, habari ikawa hiyo hiyo siku nzima. Kesho yake tukapanda mtumbwi. Mawingu yalipofunguka, Meru ukajitokeza wote. Picha tulizopiga ukiziona utasema hawa wanapendana kweli.

Usiku ndiyo ulikuwa na shida. Nilidhani tukifika tu, mapenzi yatarudi yenyewe. Kumbe Dar tunasaidiwa na mengi: foleni, ofisi, dada wa kazi, televisheni. Hatugombani kwa sababu hatukutani. Pale Tengeru watoto wakishalala tunabaki wawili na vyombo vichafu. Usiku wa pili yeye yuko kwenye simu, mimi niko kwenye sinki, nagonga sahani ili asikie.

"Hata huku umekuja kununa?"

"Hata huku naosha vyombo!"

Tuligombana, tena kwa kunong'ona, watoto wasiamke. Nikamwambia yote ya Marangu, miaka minane ya ndizi. Nikamwambia, wewe huko unastarehe.

Akacheka, lakini siyo cheko la furaha. "Unajua Januari huwa nakatwa nini kwenye mshahara?"

Sikujua. Akaniambia. Kila Novemba anachukua mkopo kazini ili apande Marangu akiwa mtu kamili: ada za watoto wa dada yake, mchango wa bati, mbuzi, bahasha za wazee. Mtu wa Dar hawezi kufika mikono mitupu. Pale ninapomwona anacheka na kaka zake, kichwani anapiga hesabu.

Nilikasirika. Mkopo kila mwaka, mimi mkewe sijui! Halafu hasira ikashuka, nikamwonea huruma. Tulikaa mpaka saa nane usiku na kalamu na karatasi. Siyo mahaba ya kwenye sinema, lakini ndiyo maongezi niliyokuwa nayatafuta. Vyombo aliviosha yeye.

Mgeni wa Jumamosi

Jumamosi ni siku ya soko kubwa la Tengeru. Tunarudi na maparachichi, tukamkuta mtu amekaa ngazini na mkungu wa ndizi na kuku aliyefungwa miguu. Mama mkwe! Alipanda Hiace mpaka Moshi, akaunga na Coaster ya Arusha, akamwelekeza kwa simu mwanawe mkubwa mpaka akapata jina la mtaa.

"Nimekuja kuiona hiyo nyumba," akasema.

Akaingia. Mume wangu akaenda jikoni, akabandika chai, akaanza kuosha vikombe vya asubuhi. Mama akamtazama mwanawe, akanitazama mimi. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikanyanyuka, akanishika mkono. "Kaa, Mama Junior. Kama anajua, mwache."

Chai ilipofika alikunywa taratibu. Baadaye akaniambia, sauti ya chini, kwamba tangu aolewe hakumbuki kuletewa chai akiwa ameketi, labda alipokuwa mgonjwa.

Jumapili tukampeleka kwenye makaburi ya Wapolandi palepale Tengeru. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Wapolandi wengi walihamishiwa kwa nguvu Siberia na kwingineko katika Umoja wa Kisovieti. Baadhi yao walitoka kupitia Iran, na kuanzia 1942 kama 5,000 waliishi kambini Tengeru, wengi wanawake na watoto. Waliofia hapa bado wamelala hapa, misalaba kwa mistari.

Junior akauliza kwa nini hawakurudishwa kwao. Bibi yake akamjibu, "Hawakuwa na njia." Kisha akamgeukia baba yake: "Mimi siwaiti Desemba kwa ajili ya mbuzi. Nawaita hawa watoto wajue njia."

Mume wangu akainamisha kichwa. Palepale akamwambia mama yake habari ya mkopo.

Kama nanyi mnapanga

Kwa wapenzi mnaotaka kujaribu, haya tuliyajifunza:

- Waambieni wazazi mapema, siyo mkiwa Mwanga.
- Kabla ya kulipa, ulizeni maji, umeme, gesi na maegesho. Ombeni picha za jikoni, siyo za sebuleni tu.
- Gawaneni kazi kabla ya kuondoka. Jiko la likizo ni jiko vilevile.
- Beba sweta. Tengeru jioni baridi ipo, hata Desemba.
- Bajeti ya likizo na ya nyumbani ziandikwe karatasi moja, wote wawili mkiiona.

Jumatatu tulipanda Marangu na mama kiti cha mbele. Mwaka ule hakukuwa na bahasha nyingi, na shemeji mmoja aliguna wazi. Bado ananuna kidogo. Ndizi zilimenywa na wengi zaidi, kwa amri ya mama, ingawa wanaume walizimenya vibaya mpaka tukacheka.

Mimi ni Mbondei wa Muheza. Miaka yote ile tulikuwa tunaipita Segera bila hata kupunguza mwendo. Desemba iliyopita, tulipofika Segera, mume wangu aliwasha taa ya kulia bila kuambiwa. Mama yangu alikuwa ameshachemsha maji ya kuoga.