MOSHI WA MOTOKAA NA MAJI YA BAHARI

Ukimwambia mtu wa kwetu Uganda kwamba motokaa yake yaichafua bahari, huenda akacheka. Atakuuliza, "Bahari gani? Toka Kampala hata Mombasa ni zaidi ya kilometa 1,000. Moshi wangu utafikaje huko?" Mimi pia nilikuwa na mawazo kama hayo, mpaka nilipojifunza habari za risasi iliyokuwa ikitiwa katika petroli. Habari hizo ndizo nitakazozieleza hapa, kwa sababu zatufundisha mambo mawili: kwamba moshi husafiri mbali kuliko tudhanivyo, na kwamba watu wakikusudia kweli, waweza kuuzuia.

Nisemapo risasi, sisemi ile itokayo katika mtutu wa bunduki. Nasema juu ya madini yenyewe, yale mazito na laini yenye rangi ya kijivu. Je, kwa nini yalitiwa katika petroli? Ndani ya injini, pistoni huubana mchanganyiko wa petroli na hewa, kisha plagi hutoa cheche na kuuwasha. Petroli ikiwa hafifu, sehemu ya mchanganyiko huo huwaka yenyewe kwa joto la kubanwa, kabla moto wa cheche haujaifikia. Hapo injini hugonga, hupoteza nguvu, na mwisho huharibika. Mwaka 1921 Bwana Thomas Midgley, Mmarekani aliyekuwa akifanya utafiti kwa kampuni ya General Motors, aligundua kwamba dawa moja yenye risasi huzuia kugonga huko. Ilitosha kutia yapata gramu moja ya risasi, au pungufu, katika kila lita. Mwaka 1923 petroli hiyo ilianza kuuzwa katika mji wa Dayton, jimbo la Ohio.

Kwamba risasi ni sumu halikuwa jambo geni. Watu walilijua tangu zamani. Mwaka 1924 wafanyakazi watano walikufa katika kiwanda kimoja cha New Jersey kilichokuwa kikitengeneza dawa hiyo, na wengine wengi wakapelekwa hospitali, baadhi yao wakiwa wamerukwa na akili. Bwana Midgley mwenyewe alisimama mbele ya waandishi wa magazeti, akajipaka dawa hiyo mikononi na kuinusa, ili waamini kwamba haina madhara. Biashara ikaendelea, na petroli ya namna hiyo ikaenea ulimwenguni kote, hata huku kwetu.

Hapa ndipo penye kosa la kufikiri. Watu walidhani kwamba kitu kidogo kilichochanganyika na hewa kimekwisha. Lakini risasi haiungui ikatoweka. Hutoka katika ekzosi kama vumbi jembamba kuliko unga, huchukuliwa na upepo, na huanguka pamoja na mvua. Tufanye hesabu ndogo. Ikiwa kila lita ina nusu gramu ya risasi, motokaa ichomayo lita 1,000 imechoma petroli yenye nusu kilo ya risasi, na sehemu kubwa ya risasi hiyo imetoka nje. Hiyo ni motokaa moja tu. Zidisha kwa mamilioni ya motokaa, kisha zidisha kwa miaka. Wazee walisema kweli kwamba haba na haba hujaza kibaba, nao hawakusema kwamba kibaba hujazwa kwa mambo mema tu.

Aliyetambua jambo hili hakuwa akilitafuta. Jina lake ni Clair Patterson, mtaalamu wa Chuo cha Teknolojia cha California. Alitaka kujua umri wa dunia kwa kupima risasi iliyomo katika vimondo, yaani mawe yaangukayo kutoka angani. Kila alipopima, hesabu iliharibika, kwa maana risasi ilikuwa imejaa kila mahali: katika vumbi, katika vyombo vya kioo, katika nguo, hata katika nywele zake mwenyewe. Ikambidi atengeneze chumba cha kazi kilicho safi kabisa kisichoingiza vumbi. Mwaka 1956 alitangaza umri wa dunia, yapata miaka milioni 4,550, na hesabu hiyo yakubaliwa mpaka leo.

Lakini swali lilimbakia moyoni: risasi yote hiyo yatoka wapi? Akaenda kuyauliza maji ya bahari. Yeye na mwenzake Mitsunobu Tatsumoto walipima maji ya juu na maji ya vilindini, na mwaka 1963 wakaeleza waliyoyaona. Maji ya juu yalikuwa na risasi nyingi zaidi, mara nyingi kuliko ya chini. Ni vema msomaji alifikirie jambo hili. Maji ya vilindini hukaa mamia ya miaka bila kuonana na hewa. Kwa hiyo yanatunza habari za zamani. Maji ya juu hupokea kiangukacho leo. Basi risasi ile haikuwa imetoka katika miamba tangu kale. Ilikuwa imetoka juu, na ilikuwa imekuja karibuni. Baadaye Patterson na wenzake walipima theluji ya Greenland, nchi ya barafu iliyo karibu na ncha ya kaskazini, wakaona vivyo hivyo: tabaka za miaka ya karibuni zilikuwa na risasi nyingi kupita za zamani. Ikiwa moshi umefika Greenland, kilometa 1,000 za kwenda Mombasa ni nini?

Patterson alipoyasema hayo waziwazi mwaka 1965, watu wa mafuta waliokuwa wakigharimia utafiti wake waliacha kumpa fedha. Hakunyamaza. Na pole pole serikali zikaanza kusikia, hasa madaktari walipoonyesha kwamba risasi huharibu ubongo wa mtoto, hata kwa kiasi kidogo. Japani ilikuwa ya kwanza kuiondoa kabisa, katika miaka ya 1980. Marekani iliipiga marufuku kwa magari ya barabarani tangu tarehe 1 Januari 1996. Patterson alifariki Desemba 1995, majuma machache kabla ya siku hiyo.

Na Afrika je? Mwezi wa Juni 2001 wajumbe wa nchi za kusini mwa Sahara walikutana Dakar, Senegal, wakakubaliana kuiondoa risasi kabla ya kwisha mwaka 2005. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake makuu yako Nairobi, lilisaidia kazi hiyo. Ahadi ilitimizwa: kufikia mwanzo wa mwaka 2006 petroli ya risasi ilikuwa imeondolewa katika nchi hizo. Nchi ya mwisho duniani kuacha kuiuza kwa magari ilikuwa Algeria, Julai 2021. Na bahari? Wataalamu waliopima maji ya Atlantiki karibu na Bermuda waliona risasi ya maji ya juu ikipungua mwaka hata mwaka. Bahari ilikuwa imeanza kupona.

Basi, je, kazi imekwisha? La. Moshi wa motokaa bado una hewa ya ukaa, nayo bahari humeza kama robo ya hewa ya ukaa yote wanayoitoa wanadamu. Ikiingia majini hufanya asidi, na hiyo huwatatiza viumbe wenye magamba na matumbawe katika kujijenga. Hata matairi yana sehemu yake. Mwaka 2020 wataalamu wa Marekani walieleza kwamba kemikali moja itokanayo na vumbi la matairi, ikichukuliwa na maji ya mvua, ndiyo iliyokuwa ikiwaua samaki aina ya samoni katika vijito vya jimbo la Washington, walipokuwa wakirudi kutoka baharini kutaga mayai.

Sisi wa Uganda tusijidanganye kwamba tuko pembeni. Mifereji ya Kampala huingia katika Nakivubo, Nakivubo huingia katika Ziwa Viktoria, maji ya ziwa hutoka Jinja na kuitwa Naili, na Naili humwagika katika Bahari ya Mediterania. Mtu amwagaye oili chafu mferejini amwaga katika njia hiyo.

Kwenu ndugu zetu mliomaliza masomo hapa, ambao sasa mna motokaa na pikipiki, nina maneno matatu. Injini itengenezwe kwa wakati wake, maana injini mbovu hula mafuta na kutoa moshi mwingi. Oili chafu iwekwe katika debe na kupelekwa kwa wanaoikusanya, isimwagwe chini. Tena, kile chombo kilichomo katika ekzosi kisafishacho moshi kisiondolewe na kuuzwa kwa ajili ya madini yake ya thamani. Chombo hicho huharibiwa na petroli ya risasi. Ni kuondolewa kwa risasi kulikokiwezesha kufanya kazi. Mtu akikiuza, amelitupa tunda la kazi ya miaka mingi.

Nasi tulio bado shuleni, tusio na motokaa, tuna miguu na baiskeli. Tuitumie hiyo bila kuona haya, na tukumbuke kwamba risasi ilichukua karibu miaka 100 tangu kutiwa katika petroli hata kutolewa. Sumu ile ilijulikana tangu mwanzo. Kilichokosekana ni watu wa kuuliza mapema, "Moshi huu waenda wapi?"