Nyumba za jadi za Wanyakyusa

Nyumba za jadi za Wanyakyusa ni makazi ya mianzi, udongo na nyasi yaliyojengwa na Wanyakyusa katika nchi iliyo kaskazini mwa Ziwa Nyasa, kusini magharibi mwa Tanzania. Zilienea kutoka milima ya Rungwe hadi uwanda wa Kyela, ambamo imo kata ya Bujonde. Ng'ambo ya mto Songwe, upande wa Malawi, Wangonde ambao ni ndugu zao wa karibu walijenga kwa namna inayofanana. Leo nyumba za matofali na mabati zimechukua nafasi yake karibu kila mahali.

Mazingira

Uso wa Ziwa Nyasa uko kwenye mita 474 hivi juu ya usawa wa bahari, na uwanda wa Kyela hauupiti kwa mengi. Mito Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushuka humo kutoka milimani ikibeba udongo mwingi. Mvua ni nyingi, hasa mwezi wa Aprili, na mara kwa mara mito hufurika mashambani. Mawe ya kujengea ni haba uwandani, lakini mianzi, nyasi, migomba na udongo wa mfinyanzi vinapatikana kwa urahisi. Kwa hiyo mjenzi alitumia vitu alivyoweza kukata au kuchimba karibu na kwake.

Ujenzi

Nyumba ilianza kwa mianzi iliyosimikwa ardhini kwa karibu karibu na kufungwa pamoja kwa kamba za miti. Katika nyumba za mviringo kuta hazikusimama wima: ziliegemea kidogo upande wa nje, hivyo nyumba ilikuwa pana zaidi juu kuliko chini. Paa la nyasi nene lilishuka kupita ukuta na kuukinga dhidi ya mvua. Kazi ya ukuta upande wa ndani ilikuwa hasa ya wanawake. Walifinyanga udongo kuwa madonge madogo, wakayashindilia kwenye mianzi, kisha wakapamba ukuta kwa rangi za udongo.

Pamoja na nyumba za mviringo zilikuwako nyumba ndefu za pembe nne. Katika hizo watu na ng'ombe walilala chini ya paa moja, ng'ombe wakiwa upande wao. Mpango huo uliwalinda wanyama dhidi ya chui na wezi. Moto wa mafiga uliowaka ndani haukuwa wa kupikia tu: moshi wake ulikausha nyasi za paa na kupunguza wadudu wanaotoboa mianzi.

Mwaka 1879 Mskoti Joseph Thomson alipita katika nchi hii akielekea Ziwa Tanganyika, akasifu sana usafi wa vijiji vyake, nyua zilizofagiwa na nyumba zilizojengwa kwa uangalifu chini ya migomba. Mjerumani Friedrich Fülleborn alizieleza na kuzipiga picha katika kitabu chake cha mwaka 1906.

Nyumba na vijiji vya marika

Nyumba hizi hazieleweki vema bila kijiji chake. Kwa desturi ya Wanyakyusa waliokaa kijiji kimoja walikuwa wanaume wa rika moja pamoja na wake zao na watoto wadogo, si watu wa ukoo mmoja. Wavulana walipofika umri wa miaka 10 au 11 waliondoka nyumbani, wakajenga vibanda vyao pembeni mwa kijiji cha baba zao. Waliendelea kula kwa mama zao, lakini walilala kwao. Kadiri walivyokua vibanda viligeuka kuwa nyumba kamili, na baada ya kuoa kikawa kijiji cha watu wazima. Walioanza kwa kucheza kujenga walikuwa wameshajifunza ufundi wote.

Takriban kila kizazi kimoja ilifanyika sherehe ya ubusoka, ambapo wazee walikabidhi utawala na ardhi kwa rika la wana wao. Malafyale (chifu) mpya alipandiwa miti ya kumbukumbu, na wazee walisogea kuwapisha vijana. Watafiti Godfrey na Monica Wilson waliishi kati ya Wanyakyusa kati ya miaka 1934 na 1938. Monica alieleza mpango huu katika kitabu chake cha mwaka 1951, akionesha thamani waliyoipa ukwangala, yaani raha ya kuishi pamoja na wenzao.

Athari za kiakiolojia

Nyumba ya mianzi ikiachwa huoza na kurudi udongoni, na jembe la mpunga humalizia kazi. Hata hivyo haitoweki bila alama. Hubaki mashimo ya nguzo, udongo uliokauka kwa moto mahali pa mafiga, madonge ya ukuta yenye chapa ya mianzi, na vigae vya vyungu. Katika pwani hii vyungu vingi vilitengenezwa na wanawake Wakisi wa Ikombe, karibu na Matema, na kusafirishwa kwa mitumbwi kando ya ziwa. Miti ya ubusoka na vichaka walimozikwa machifu huonesha pia mahali palipokaliwa zamani.

Upande wa Karonga, mwanaakiolojia Keith Robinson alitangaza mwaka 1966 matokeo ya kwanza ya uchunguzi wake katika nchi ya Wangonde, ukiwemo mlima Mbande, makao ya zamani ya Kyungu, mtawala wao.

Mabadiliko

Wamisionari Wamoravian na wa Berlin walifika mwaka 1891, wakaleta matofali na majengo yenye madirisha. Wamoravian walifungua kituo cha Ipyana, katika uwanda wa Kyela, mwaka 1894. Baadaye fedha za mpunga na kakao ziliwezesha wakulima kununua mabati na saruji.

Nyumba ya matofali hudumu zaidi na haishiki moto upesi. Lakini eneo hili limo ndani ya Bonde la Ufa. Desemba 2009 mfululizo wa matetemeko ya ardhi huko Karonga uliharibu maelfu ya nyumba, nyingi zikiwa za matofali yasiyoimarishwa. Ukuta wa mianzi hupinda kabla ya kuvunjika, na paa la nyasi likianguka ni jepesi kuliko kuta za tofali.

Hifadhi

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya mwaka 1863. Kipimo hicho kinafaa magofu ya mawe ya Kilwa, lakini hakuna nyumba ya mianzi inayoweza kukifikia, kwa sababu ilitakiwa kujengwa upya kila baada ya miaka michache. Katika ujenzi wa aina hii kilichodumu ni ujuzi wa kujenga. Ujuzi huo ulirithishwa vijijini kwa vitendo. Vijana wasipojenga tena pamoja, unaondoka na wazee wanaoukumbuka. Kupima, kupiga picha na kuandika majina ya sehemu za nyumba kwa Kinyakyusa ni kazi inayoweza kufanywa hata na wanafunzi wa shule za kata.