Klachi ya Feni Katika Lori la Dizeli: Dalili za Ubovu na Namna ya Kuibadilisha

Klachi ya feni hukaa kati ya puli inayozungushwa na injini na feni inayovuta hewa kupitia rejeta, na kazi yake ni kuamua lini feni izunguke kwa nguvu na lini iachwe izunguke polepole. Uamuzi huo ni mzito, kwani mwendo wa feni ukiongezeka mara 2, nguvu inayohitajika kuizungusha huongezeka takriban mara 8, na nguvu hiyo yote hutoka kwenye dizeli. Lori linalokimbia mahali tambarare hupata upepo wa kutosha kutokana na mwendo wake lenyewe, lakini lori lililosheheni linapopanda mlima wa Kitonga mkoani Iringa kwa gia ndogo hukosa upepo huo huku injini ikitoa joto jingi, na hapo ndipo feni inapotakiwa kufanya kazi yake yote.

Zipo klachi zinazoendeshwa kwa upepo wa kompresa na nyingine kwa umeme, ila iliyoenea sana ni ile ya mafuta mazito ya silikoni. Mbele yake kuna springi bapa iliyotengenezwa kwa metali mbili zinazotanuka kwa viwango tofauti, hivyo hewa ya moto itokayo kwenye rejeta huipinda na kufungua vali ndogo. Silikoni huingia kati ya mifereji myembamba ya sehemu mbili zinazozunguka, na unata wake ndio unaoiburuza feni iifuate puli. Hewa ikipoa, vali hujifunga na silikoni hurudi kwenye chumba chake cha akiba.

Klachi iliyopoteza silikoni huonekana kwa utando wa mafuta na vumbi kuzunguka kitovu chake, na injini huchemka mlimani au kwenye foleni ilhali hupoa barabara inaponyooka. Iliyoganda hunguruma muda wote, ingawa ngurumo ya dakika moja au mbili asubuhi si ubovu, bali ni silikoni iliyojikusanya ndani usiku kucha. Feni ikicheza mbele na nyuma inaposukumwa kwa mkono, injini ikiwa imezimwa, beringi imekwisha. Hata hivyo, klachi isilaumiwe kabla ya kukagua kiasi cha maji, thamostati, mkanda, na matope yaliyoziba rejeta.

Wakati wa kubadilisha, injini huachwa ipoe, waya wa hasi wa betri hutolewa, kava linaloizunguka feni hulegezwa, kisha puli hushikiliwa isizunguke wakati nati kubwa au boliti zinapofunguliwa. Baadhi ya nati hizo hufunguka kwa kuzungushwa kulia, kwa hiyo kitabu cha injini husika kisomwe kabla ya spana kushikwa, kwani kulazimisha upande usio wake huharibu shafti ya pampu ya maji. Klachi mpya ihifadhiwe ikiwa imesimama kama inavyokaa kwenye injini, maana ikilazwa silikoni huweza kuvuja au kupenya kwenye beringi. Pangaboi zikaguliwe moja moja, na feni yenye ufa itupwe, isichomelewe, kwa sababu kipande kikichomoka katika mwendo mkali hupasua rejeta na huweza kuua mtu. Feni irudishwe kwa uso uleule, boliti zikazwe kwa kipimo cha mtengenezaji, na kabla ya kuwasha injini, feni izungushwe kwa mkono kuhakikisha haigusi kava.

Desturi ya kutoboa klachi mbovu na kuifunga kwa boliti, au kuichomelea, ili feni izunguke daima, inastahili kukemewa waziwazi. Huweza kulifikisha lori gereji, na hiyo ndiyo faida yake pekee. Likiendelea kufanya kazi hivyo, mkanda huchakaa mapema, beringi za pampu ya maji hubeba mzigo usiozistahili, pangaboi huchoka, na dizeli huteketea kila kilomita. Mwenye lori anayeambiwa kwamba klachi iliyochomelewa imetengenezwa, aikatae kazi hiyo na kudai klachi nyingine.